Daraja la Wakwe

Bagamoyo
9 Septemba 2023

Mkwe wangu Shuaibu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Baada ya salamu, chinja jogoo. Kazi tumeipata! Daraja la mto Kigude, pale pale kijijini kwenu Mtunguru, tutalijenga mimi na wewe kwa ubia. Nimetoka halmashauri sasa hivi, kanzu bado imenigandia mwilini kwa jasho, nikasema nikuandikie kabla sijavua viatu, maana simu huko bondeni kwenu ni pambo tu. Dereva wa lori atakufikishia barua hii mkononi.

Mpango ni ule ule: vifaa vyangu, mikono yako. Saruji, nondo, kokoto na malori vitatoka kwangu. Mafundi, vibarua na ujenzi wenyewe ni juu yako. Mwanangu Yousuf atakuwa anakuja huko kuniwakilisha. Binti yako Mwanvita ameshaanza kunung'unika kwamba mumewe ataoa daraja.

Mkataba huu ni wa aina mpya. Mhandisi Hafidha, yule binti wa halmashauri anayesema haraka haraka, ametueleza mpaka nikasinzia. Anauita mkataba wa ushirikiano. Kila Jumatano halmashauri na sisi wakandarasi tunakaa meza moja, na yeyote anayeona kasoro, iwe yake au ya mwenzake, anaisema mapema pale pale, wala hatatozwa faini kwa kuisema. Nikamwambia, mama, sisi tumeozeshana watoto, hatuhitaji karatasi kutufundisha kuambiana. Akatabasamu, lakini saini akaitaka.

Njoo mjini Ijumaa tule pamoja. Uje na njaa.

Mkweo,
Abdulrazak Saleh


Mtunguru
17 Septemba 2023

Mkwe wangu Abdulrazak,

Waalaykum salaam. Jogoo nimemchinja. Paja lililokuwa lako nimelila mwenyewe, kwa kuwa hukuja kulidai.

Wewe mto huu unaujua wa kiangazi tu. Ulipokuja kwenye harusi ya watoto ulikunja kanzu ukavuka, ukasema kumbe ni kijito. Njoo masika uone. Mwaka juzi dada yangu Zuhura aliumwa na nyoka shambani. Tulimbeba mpaka ukingoni, tukakaa naye tukiangalia taa za gari la wagonjwa ng'ambo ya pili. Gari haliwezi kuja, sisi hatuwezi kwenda. Alifia pale, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, anauliza kwa nini gari limesimama. Nimejenga madaraja ya watu Chalinze na kwingineko, na kwetu hakuna hata gogo. Kwa hiyo ukiona barua yangu fupi usidhani sijafurahi. Nilipopata habari zako nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Kina mama wamepangiana zamu za kuwapikia vibarua. Watu wameshaanza kuliita daraja la Shuaibu na hata jiwe halijawekwa. Vifaa vikija kwa wakati, masika ijayo watu watavuka. Hilo tu ndilo nilitakalo duniani.

Mkweo,
Shuaibu Mwinshehe


Mtunguru
2 Novemba 2023

Mzee wangu Bwanausi, Msata

Shikamoo mzee. Wewe ndiye mshenga uliyetuozeshea watoto, mimi na Abdulrazak. Na unajua kwetu likitokea neno baina ya wakwe halisemwi uso kwa uso, linapita kwa mshenga. Basi neno limetokea.

Saruji ya mkwe wangu imekufa. Nadhani paa la ghala lake lilivuja, mifuko ikapigwa na unyevu. Ukikata mfuko unakuta mabonge, vibarua wanayaponda kwa nyundo huku wakicheka. Saruji ikishaganda mfukoni haishiki tena. Zege tulilomwaga juzi nalikwangua kwa ukucha.

Jumatano kikaoni Mhandisi Hafidha aliuliza kama kuna kasoro. Yousuf alikuwa amekaa ubavuni kwangu, mume wa mwanangu, ananimiminia chai. Ningesema nini, mzee? Ningemvua nguo baba yake mbele za watu? Nikasema hakuna tatizo, nikapokea chai.

Tafadhali mwambie alete saruji mpya kabla hatujapandisha nguzo ya katikati. Mwambie upesi. Lakini mwambie vizuri.

Mwanao,
Shuaibu


Msata
8 Novemba 2023

Mwanangu Abdulrazak,

Nakusalimu kwa salamu njema, nikitumai wewe na mkeo Sabah mko katika afya na neema tele. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, na goti ni langu mwenyewe, lisikusumbue.

Mkweo Shuaibu anakusalimu sana, na nyumba yake nzima inakusalimu. Anakushukuru kwa saruji. Anasema tu kwamba ni saruji iliyokula chumvi nyingi, yenye umri wake na heshima yake, na kwamba siku ukipata nafasi, tena kama huoni taabu, ungeitupia jicho. Wala si haraka. Lisikukae moyoni kama lawama, maana limekuja kwa mapenzi matupu.

Katika ushenga wangu nimezima mioto mingi, mwanangu, watu wakiwa wameshashika mawe. Hapa sijaona hata moshi. Namshukuru Mungu kwa wakwe wa namna hii.

Baba yako,
Bwanausi


Bagamoyo
12 Novemba 2023

Mzee wangu Bwanausi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka Sabah akatoka jikoni kuja kutazama kuna nini. Saruji iliyokula chumvi! Yule mtu mkimya kumbe ana utani hivyo. Nimemwelewa lakini: anataka nyingine na anaona haya kuomba. Nimempelekea lori zima, kutoka ghala lile lile, asije akadhani namchagulia mbaya.

Sasa nami nina langu, na hili halinichekeshi. Yousuf ameniambia kwamba shimo la nguzo ya katikati halikufika kwenye mwamba. Mchoro wa Mhandisi unataka nguzo ikae juu ya mwamba. Pampu ya kutolea maji iliharibika, shimo likawa linajaa kila asubuhi, na Shuaibu kwa hofu ya kukutwa na masika akamwaga zege juu ya udongo wa mfinyanzi. Kupima kina ni kazi ya Yousuf. Ameandika kwamba mwamba umefikiwa. Angeandikaje vingine dhidi ya baba wa mkewe? Simlaumu, ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Lakini moyo hautulii, mzee. Daraja ni daraja. Mwambie mkwe wangu avunje achimbe upya, nami nitamletea pampu. Mwambie kwa ile lugha yako, asije akaona kwamba kijana wangu amemchongea.

Mwanao,
Abdulrazak


Msata
20 Novemba 2023

Mwanangu Shuaibu,

Amani ya Mungu iwe nawe. Neno lako lilifika na likapokewa kwa kicheko, tena kicheko cha kheri. Lori ulilolipokea ndilo jibu lake.

Mkweo naye anaisifu sana kasi yako. Anasema wewe ni mtu wa kupanda juu tu, mambo ya kuchimba chimba huna habari nayo, na kama utahitaji pampu basi yeye anayo. Amelisema hilo kwa mapenzi, hata mimi nilicheka. Ninyi wawili mnastahili kuwekwa kwenye mizani pamoja, msingezidiana.

Goti bado.

Baba yako,
Bwanausi


Mtunguru
15 Desemba 2023

Mzee wangu Bwanausi,

Shikamoo. Lori lile lilikuja na mabonge makubwa kuliko ya mwanzo. Basi nimeelewa. Mkwe wangu amesikia na ameamua. Huenda hana nyingine, biashara ina siku zake mbaya, na mtu mzima hasemeshwi mara mbili.

Lile la kuchimba lilinichoma. Kwa hiyo anajua kwamba sikufika mwambani. Ni kweli, mzee, maji yalinishinda. Nilikuwa namwona Zuhura kila nikilala, nikaona bora daraja lenye kasoro kuliko masika nyingine bila daraja. Mkwe wangu amejua hayo yote na amenigusia kwa mzaha tu, hakwenda kwa Mhandisi. Amenistahi. Nami lazima nimstahi.

Nimefanya hivi. Mhandisi alitaka vipande vya zege vya kupeleka maabara vikapimwe nguvu. Nilikuja huko Msata, nikanunua saruji mpya, nikatengeneza vile vipande kwa saruji hiyo. Nguzo zenyewe nimezimwaga kwa ile ya mkwe wangu, nikiongeza kipimo kadiri nilivyoweza. Vipande vitafaulu na jina lake halitaguswa.

Usimwambie kwamba nimemsitiri. Ataona haya.

Mwanao,
Shuaibu


Ofisi ya Mhandisi, Halmashauri
26 Februari 2024

Kwa: Bw. Shuaibu Mwinshehe na Bw. Abdulrazak Saleh

YAH: KUKAMILIKA KWA DARAJA LA MTO KIGUDE

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nina furaha kuwajulisha kuwa vipande vya zege vimepimwa na kuonekana kuwa na nguvu inayozidi ile iliyotakiwa. Kumbukumbu za vipimo vya msingi zimehakikiwa. Katika vikao vyote vya Jumatano hakuna kasoro iliyotolewa taarifa, wala mgogoro wowote kati ya wabia. Kwa hiyo daraja litafunguliwa kabla ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, na taarifa yangu inapendekeza utaratibu huu wa ushirikiano utumike katika miradi mingine.

Nje ya mambo ya ofisi, wazee wangu: nimeshafanya kazi na wabia wanaotukanana kupitia mawakili. Kwenu nilikuwa nakuja Jumatano nikiwa na hamu ya kuja. Ahsanteni sana.

Mhandisi Hafidha


Mtunguru
1 Aprili 2024

Mzee Bwanausi,

Shikamoo. Safari hii nakuomba usitie sukari.

Mvua imeanza na mto umeinua kichwa. Nguzo ya katikati imekaa upande. Leo alfajiri nimeona ufa unaoingia kiganja, na zege linamomonyoka ukilipapasa, maji yanaondoka nalo. Daraja hili litaanguka. Sijui siku, lakini litaanguka.

Mwambie mkwe wangu kama nilivyoandika. Mwambie saruji ilikuwa imekufa tangu mwanzo, na shimo langu halikufika mwambani, na vipande vya maabara nilividanganya mimi. Siwezi kwenda kwa Mhandisi kabla yeye hajajua. Nitakuwa nimemshitaki nyuma ya mgongo wake, na mwanangu yumo ndani ya nyumba yake. Anipe ruhusa tu, siku hiyo hiyo nitaenda halmashauri tulifunge.

Nimeweka matawi ya miiba njiani. Watu wanayaondoa. Wananiuliza, Shuaibu, daraja lako mwenyewe unalionea wivu? Nikiwaambia hatari wanataka sababu, na sababu siwezi kuitoa.

Na Idi inakuja. Watu watavuka kwenda kusalimiana. Nakusihi mzee, nenda kesho.

Shuaibu


Msata
5 Aprili 2024

Mwanangu Shuaibu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nimefunga safari kichwani mara nyingi, kisha nimeifungua.

Mwanangu, tumo katika kumi la mwisho. Abdulrazak yuko itikafu msikitini, amejitenga na dunia. Nimwingilie na maneno kama haya? Hata mimi ulimi wangu haujawahi kubeba kitu kizito kiasi hicho. Acha Mfungo umalizike kwa amani. Idi pili nitapanda basi niende kwake na halua, tukae, tule, kisha nimweleze yote bila kupunguza, nakuahidi.

Daraja limekaa mwezi mzima. Litakaa siku hizi chache. Wewe furahi tu, nasikia Yousuf na Mwanvita watakuja kukupa mkono wa Idi.

Baba yako,
Bwanausi


Kwa mkono wangu, siyo kwa ofisi
22 Aprili 2024

Wazee wangu Abdulrazak na Shuaibu,

Nilikuja matangani nikashindwa kusema nanyi. Poleni. Yousuf alikuwa ananipokea kila Jumatano na kuniuliza kama nimekula. Siwezi kuamini kwamba daraja lilianguka siku ya Idi naye akiwa juu yake ndani ya gari. Namshukuru Mungu kwamba Mwanvita alikuwa ametangulia kwa miguu.

Nawaandikia kwa sababu uchunguzi umeanza. Nguzo imesombwa, mto umechukua kila kitu, hakuna cha kupima. Zilizobaki ni kumbukumbu. Maabara inasema zege lilikuwa zuri. Vipimo vinasema msingi ulifika mwambani. Vikao vinasema hakukuwa na kasoro. Basi kimebaki kitu kimoja, mchoro, na mchoro ni wangu. Nimesimamishwa kazi.

Nimeurudia mchoro ule usiku na mchana nikitafuta wapi nilimuua Yousuf. Sipaoni. Kama kuna kitu mnakijua, chochote, niandikieni. Siwaahidi kwamba hamtaulizwa, maana mtu amekufa. Nataka tu kujua kama ni mimi.

Mtoto wenu,
Hafidha


Bagamoyo
27 Aprili 2024

Shuaibu,

Bwanausi alikuja Idi pili kama alivyokuahidi. Alikuta tunarudi makaburini. Aliishika ile halua mkononi mpaka magharibi, hajui aiweke wapi, kisha akanieleza yote akilia.

Nilikwenda ghalani. Kulikuwa na mifuko imebaki. Nilikata mmoja na ndani yake mlikuwa na jiwe, umbo la mfuko ule ule. Ningeitazama mara moja tu, Shuaibu! Mara moja. Mimi niliuza saruji maisha yangu yote na sikuingiza mkono kwenye mfuko wangu mwenyewe, kwa kuwa mkwe wangu alinitania.

Kwanza nilitaka kuja huko kukuua. Nasema kweli. Kwa nini hukuniambia? Ungenitukana, ungenipigia kelele kikaoni, ningekasirika, ningekaa mwaka bila kusema nawe, na leo mwanangu angekuwa hai, amenuna. Kisha nikakumbuka kwamba habari ya shimo nilikuwa nayo tangu Novemba, nami nikaituma kwa Bwanausi ikapakwe mafuta.

Nimesoma barua ya yule binti. Nikimwambia saruji, nimemuua mwanangu. Nikimwambia shimo, wewe umemuua mume wa mwanao, na Yousuf ndiye aliyeandika uongo wa kina, nimzike mara ya pili akiwa na jina hilo. Siwezi. Sabah hawezi kusikia lolote kati ya haya akabaki na akili zake.

Nimemjibu kwamba ilikuwa mvua. Mvua kubwa isiyo ya kawaida, kudra ya Mungu. Nakuomba, mkwe wangu, nawe uandike mvua.

Abdulrazak


Mtunguru
5 Mei 2024

Mkwe wangu Abdulrazak,

Salamu yako nimeipokea, hata ile ya kutaka kuniua. Ungekuja ningekufungulia mlango.

Kuna jambo hujaambiwa na mtu, nami ni lazima nikwambie. Siku ile nilikuwa nimesimama ng'ambo ya huku. Mwanvita alinikimbilia, na nyuma yake nikaliona gari linashuka. Nikapunga mikono yote miwili kumzuia. Yousuf alidhani namkaribisha. Alitoa mkono dirishani akanipungia, akapiga honi kama wafanyavyo harusini, akaingia darajani. Alikuwa anacheka, mkwe. Hakuogopa hata kidogo mpaka nguzo ilipolala.

Hafidha alikuja hapa mwenyewe jana, amekonda. Alikaa mkekani akasema, mzee, niambie neno moja tu. Nilikuwa na karatasi niliyokwisha kuandika mvua. Nikampa. Akaisoma, akaikunja vizuri, akanishukuru kwa kunipigia goti, binti mwenye elimu ile. Akasema, basi ni mchoro, haukuhesabu mvua hiyo. Akaondoka kwa bodaboda akishika mkoba kifuani. Nilisimama mlangoni mpaka vumbi likatua, na mara mbili nilifungua mdomo. Wamemfukuza kazi, nimesikia leo.

Mwanvita yuko eda hapa kwangu. Ana mimba, mama yake ameniambia, kwa hiyo eda yake itakwisha atakapojifungua. Juzi aliniuliza kutoka chumbani, Baba, ulijua? Nikamwambia ilikuwa mvua. Akasema Yousuf alimweleza habari za shimo, naye akanyamaza asije akanitia aibu kwa wakwe. Hatujalisema tena. Asubuhi tunaulizana umeamkaje, tunajibizana salama.

Watu sasa wanavuka kwa kamba. Jana walimbeba Bi Hajra mgonjwa mpaka ukingoni, wakamrudisha.

Mtoto akizaliwa atakuwa mjukuu wangu na wako, na siku moja atauliza baba yake alikwendaje. Nimejaribu kulisema lile neno, mvua, peke yangu shambani ili siku hiyo lisinikwame. Tayari linatoka vizuri, mkwe wangu. Linatoka kama kweli.

Mkweo,
Shuaibu Mwinshehe